Fagio: niliyoyaona nikiwa wa mwisho kwenye vilima vya Provence

Haya ni maongezi yangu ya Jumamosi kwenye mkutano wa mwaka wa klabu yetu ya baiskeli hapa Arusha, kuhusu safari yetu ya baiskeli huko Provence, kusini mwa Ufaransa, na mlima wake Mont Ventoux. Wengi mlikuwa kwenye foleni ya nyama hamkusikia vizuri, na spika ilikuwa inakwaruza, kwahiyo nimeyaandika karibu vilevile nilivyoongea, nimetoa tu maneno mawili ambayo mama yangu akiyasoma atanipigia simu.

Wazee wangu shikamooni. Kina mama shikamooni. Vijana mambo.

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na ameweka saa yake hapa mezani ili nione aibu. Haya. Kwanza nirekebishe tangazo. Mmeandika kwenye grupu eti nakuja kuelezea "jinsi tulivyoushinda Mont Ventoux". Jamani, hakuna aliyeushinda, ule mlima tumeuacha palepale na hata haujui kama tulipita. Na mimi sikuwa kiongozi wa safari, kiongozi yule pale anakula, muulizeni yeye habari za ramani. Mimi nilikuwa fagio.

Kwa wageni, fagio ni yule mtu anayekaa nyuma kabisa ya kundi, anazoa waliobaki. Wewe ukipata pancha fagio yupo, cheni ikikatika fagio yupo, ukikaa chini kando ya barabara ukaanza kulia kama mtoto, na hili limetokea na muhusika yupo humu ndani simtaji, fagio anakaa na wewe. Nilibeba pampu, tyubu tatu, viungo vya cheni, bandeji, mfuko wa tende, chumvi, jaketi la mvua na kikoi. Kikoi walinicheka nacho sana siku ya kwanza. Siku ya nne hawakucheka.

Tulikuwa watu kumi na moja. Saba tumetoka huku Arusha na Moshi, vijana wawili wa Nairobi, dada mmoja mzaliwa wa Mombasa ambae anaishi Uholanzi miaka mingi, na kaka mmoja wa Bukavu anaefanya kazi Lyon, huyu ndo alikuwa mdomo wetu wa Kifaransa. Kiswahili chake ni kile cha kwao, siku mbili za mwanzo nusu ya utani wake ulitupita, baadae tukaanza kuongea kama yeye.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Unashuka Paris, unahamia stesheni ya Gare de Lyon, unapanda treni ya kasi masaa mawili na nusu na kitu, unashukia Avignon. Kule joto linakupokea mlangoni. Kutoka pale tukachukuliwa na gari mpaka Bédoin, kijiji chini ya mlima, tukakodi baiskeli hukohuko. Mmoja wetu aligoma kukodi, akasafiri na ya kwake toka nyumbani kwasababu "mwili umeizoea". Shirika la ndege silitaji, ila begi lilifika na kile kipande kinachoshika derela, yaani kifaa cha kubadilisha gia, kimepinda kama ndizi, siku nzima ya kwanza kaitumia kwa fundi. Kodisheni huko huko jamani.

Sasa Ventoux wenyewe. Una mita 1,909, sio mrefu, Meru yetu inakaribia mara mbili na nusu ya hapo. Shida yake ni kwamba umesimama peke yake. Huko chini ni mizabibu na micheri na vijiji vya mawe vya rangi ya biskuti, alafu ghafla hili dubwana, na kichwa chake cheupe. Ukiwa mbali unasema theluji, kama mtu anavyoona Kibo toka Moshi asubuhi. Sio theluji, ni mawe. Chokaa tupu. Karne na karne watu walikata miti ya kule juu, mingine ikaenda kujenga meli pale Toulon, na kilele kikabaki kipara. Petrarca, mshairi wa Italia, aliandika kwamba aliupanda mwaka 1336, kwa miguu tu, ili aone kukoje. Hakuwa anatafuta kitu kingine. Kwa hiyo wazimu wa kupanda mlima bila sababu ni wa zamani, msiseme ni vijana wa siku hizi.

Na upepo. Kuna upepo unaitwa mistral, unatoka kaskazini, ukiamka umeamka. Karibu kabisa na kilele kuna mahali panaitwa Col des Tempêtes, yaani kipito cha dhoruba, na hilo jina hawakulitoa kwa kubahatisha.

Niseme kidogo kuhusu kuendesha kulia, kwasababu kila mtu ananiuliza. Barabara nyoofu haina shida, unamfuata aliye mbele. Shida ni mzunguko, kiplefti, ambacho huko inabidi ukizunguke kinyume na akili yako yote. Asubuhi ya kwanza watu wa Arusha walifika kwenye mzunguko mmoja mdogo wa Bédoin wote wakasimama, wote, kama ng'ombe walioona daraja, na dada wa Uholanzi akatupita anacheka akasema "njooni watoto". Alafu kuna ile sheria yao, pasipo na alama yoyote anaetokea kulia kwako ana haki ya kupita, hata kama katokea kwenye kichochoro cha nyumba mbili. Vijiji vya zamani vimejaa vichochoro hivyo. Shika breki ukiingia kijijini, basi.

Ila madereva, aisee. Sheria inawataka wakiwa nje ya mji wakuache mita moja na nusu wanapokupita, na wanafuata. Siku ya pili gari moja lilikaa nyuma yangu kwenye kona kona karibu kilomita nzima bila kupiga honi, mi nikadhani limeharibika nikataka nisimame nimsaidie. Kumbe mtu ananisubiri tu. Mimi ninaepita barabara ya Moshi kila siku na mabasi yananinyoa sikio, niliona kama nimekosea sayari.

Haya, nije kwenye jambo lililonileta hapa, maana mwenyekiti ameshaangalia saa.

Kabla ya kuondoka tulikaa vikao vitatu. Vikao vitatu tukaongelea hoteli, viza, jezi, rangi ya jezi, rangi ya jezi tena. Kuhusu kusubiriana tulitumia kama dakika moja, mtu akasema "tutasubiriana kila njia panda", wote tukaitikia "sawa", tukarudi kwenye jezi. Hiyo dakika moja ndo iliyotugharimu, na nimeiona vizuri kuliko wote kwasababu nilikuwa nyuma.

Jumanne tulikuwa tunahama Bédoin kwenda Sault, mji mdogo upande mwingine wa mlima, kupitia korongo la mto Nesque. Kama kuna barabara moja ya baiskeli nitaikumbuka mpaka nife ni ile. Imechongwa kwenye ubavu wa jabali, kuna vihandaki vifupi vya mwamba unaingia unasikia ubaridi mgongoni unatokea tena juani, chini kulia kwako ni shimo la kijani ambalo mto wenyewe huuoni. Na mwinuko wake ni wa upole, unapanda kilomita nyingi bila kujua kama unapanda. Magari machache. Unasikia cheni yako na nyenje, basi.

Katikati ya korongo kijana wetu mmoja, yule wa jimu mwenye mapaja kama magunia, akapata pancha tairi ya nyuma. Waliokuwa mbele hawakuona. Mi nikafika, nikasema ngoja nikusaidie, akasema tulia kaka mimi fundi. Kweli mikono yake mepesi, dakika sita kabadilisha tyubu, kajaza, tumeondoka. Mita mia nne hivi, psssss. Ileile ya nyuma. Alikuwa hajatafuta kilichotoboa.

Sasa hapa nionyeshe, ndo maana nimekuja na soksi. Ukishatoa tyubu usiingize kidole kwenye tairi kutafuta mwiba, utajichana. Vaa soksi mkononi hivi, au ikunje kama kitambaa, izungushe ndani ya tairi taratibu. Kilicho na ncha kitakamata uzi. Tulizungusha mara moja hakuna kitu, mara ya pili soksi ikanasa kidogo, nikakunja tairi pale kuifungua, nikaona kijiwe. Kidogo kuliko punje ya mchele, kimelala ubavu ndani ya mpira, ukiangalia kwa juu huoni chochote, ila tairi ikibebeshwa uzito kinatoa makali kama wembe. Nilikitoa kwa ncha ya funguo ya hoteli. Ninacho nyumbani kwenye kiberiti.

Dakika arobaini na tano zimeondoka hapo. Tulikuwa wanne nyuma: mimi, yule kijana, Mwalimu, na dada wa Uholanzi ambae alirudi nyuma mwenyewe baada ya kuona kimya. Na huko Ufaransa vijijini, naomba mnisikie kwa makini waliolala waamshwe, chakula cha mchana kina saa. Sio kama mama ntilie unafika saa tisa unakuta ugali umefunikwa. Kuanzia saa sita mchana mpaka saa nane watu wanakula, jiko likifungwa limefungwa, na maduka mengi nayo yamefunga kwasababu mwenye duka naye anakula. Walio mbele walifika kijiji fulani kabla ya Sault saa sita na nusu, wakakaa, wakala mwanakondoo. Sisi tukafika saa nane na dakika kumi. Mhudumu akatuangalia, akasema neno moja, akaendelea kufuta meza. Tukajaribu kuomba hata mkate. Lakini kwa lugha gani? Kaka wa Bukavu, mdomo wetu, alikuwa na wale wa mbele, ameshakula ameshaondoka, simu inaita haipokelewi.

Mwalimu ndo alitulisha. Alitoa kwenye begi lake nusu ya mkate mrefu wa asubuhi, jibini iliyoanza kuyeyuka, na karanga za kukaanga alizotoka nazo nyumbani kwenye chupa ya maji. Tulikula kwenye ukingo wa bomba la maji la kijiji. Angalieni pia hilo, bomba likiandikwa "eau non potable" maji hayo sio ya kunywa, neno dogo "non" linabeba tumbo lako zima.

Niwaambie kuhusu Mwalimu. Wengi mnamfahamu, yule pale kona, Mwalimu shikamoo tena. Ana miaka 63, amefundisha hisabati nusu ya watu wa humu ndani. Kwenye mlima anaenda mwendo mmoja, haongezi hapunguzi, hata ukimwambia kuna simba. Sasa Jumatano tulipumzika Sault, kulikuwa na soko, wana hilo soko la Jumatano tangu miaka ya 1500, asali, nugati, vitunguu saumu vimesukwa kama nywele, na maua ya lavenda kwenye vifuko. Maua shambani hayakuwepo. Yaani yapo, ila kijani. Picha zote tulizotumiwa zilikuwa za zambarau na sisi tumekwenda mwezi wa sita, kumbe Sault ipo juu, lavenda ya huko inachanua mwezi wa saba kuendelea. Mke wangu mpaka leo ananiuliza zambarau iko wapi.

Jioni ya hiyo Jumatano uongozi ukakaa pembeni, wakaona kesho ndo Ventoux, Mwalimu atatuchelewesha, kuna duka linakodisha baiskeli za umeme, aambiwe. Nani amwambie? Wote kimya. Mtu alikufundisha jedwali la saba mara saba kwa kiboko, leo umwambie mzee umechoka chukua umeme? Wakasema fagio. Kazi ya fagio kuzoa.

Nikaenda. Nikazunguka weee, nikaanza na hali ya hewa, nikaja kwenye magoti, nikasema Mwalimu kuna wazee wengi wa Kizungu huku wanatumia hizi za umeme sio aibu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, nimetoka Machame na Phoenix yenye gia moja na mkungu wa ndizi nyuma. Leo nina gia ishirini na mbili na sijabeba ndizi. Nenda kalale."

Baiskeli ya umeme ilichukuliwa na kijana wa jimu.

Basi Alhamisi. Ventoux una njia tatu za lami. Toka Bédoin ni kilomita 21 na unapanda mita kama 1,600, na ubaya wake ni kwamba kilomita tano sita za kwanza ni mwinuko wa kubembeleza kati ya mizabibu, unajisifu, alafu inafika kona ya Saint-Estève unaingia msituni na humo ndani ni asilimia 9, 10, bila pumziko, kilomita baada ya kilomita. Asilimia 9 maana yake kila mita mia unazokwenda mbele unapanda mita tisa. Mnaijua ile ya Mombo kwenda Lushoto? Chukua kona zake mbaya kabisa uzinyooshe ziwe mstari mmoja. Toka Malaucène, kijiji cha upande wa kaskazini, ni hivyohivyo karibu. Toka Sault ni kilomita 26 lakini unapanda kama mita 1,200 tu, ndefu ila ya kistaarabu, na ina kichekesho kimoja, unaanza mlima kwa kushuka, kwasababu Sault yenyewe ipo juu ya kilima.

Wanne wenye nguvu, wakiwemo wale wa Nairobi, walipelekwa na gari Bédoin alfajiri. Sisi saba tukatoka Sault saa moja. Makubaliano, kukutana Chalet Reynard, mgahawa ulio pale njia ya Bédoin na ya Sault zinapoungana, zinabaki kilomita sita za mwisho za mawe meupe.

Wale wa Nairobi walikuwa na sababu yao na naiheshimu. Chris Froome, yule mwendesha baiskeli maarufu, amezaliwa Nairobi mwaka 1985, baiskeli kafundishwa na David Kinjah huko Kikuyu, akaiwakilisha Kenya michezo ya Jumuiya ya Madola 2006 kabla hajaanza kuiendeshea Uingereza. Tarehe 14 mwezi wa saba 2013 alishinda hatua, yaani mbio za siku moja, ya Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, juu kabisa ya Ventoux. Alafu 2016, tarehe ileile, upepo umekuwa mkali wameusogeza mwisho wa mbio chini mpaka Chalet Reynard, watu wamebanana barabarani, pikipiki ikasimama, Froome na wenzake wakaivaa, baiskeli yake ikavunjika, akaanza kukimbia kwa miguu. Na viatu vya baiskeli vile vyenye kipande kigumu chini! Mwenye jezi ya njano, yaani anaeongoza mashindano yote, anakimbia kama anaewahi daladala. Vijana wetu walisimama barabarani hapo chini ya Reynard, mmoja akakimbia mita hamsini mwenzie anamrekodi. Kaka wa Bukavu alisema Wakenya hata ukiwapa baiskeli watakimbia.

Sisi na Mwalimu tulikuwa na raha zetu. Njia ya Sault inapita mashamba kisha msitu, hakuna haraka. Kila nusu saa Mwalimu anakula tende mbili, anakunywa mafunda matatu, anaendelea. Jeli zile za paketi mnazonunua bei ya kuku mzima, hakuwa nazo. Akiwa anakanyaga anahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Tulifika Reynard saa nne na dakika hamsini, wenzetu walikuwa wamekaa wamepoa ndo wanaondoka, kiongozi akanipungia mkono, "tunawasubiri juu".

Mnaona tatizo? Juu. Juu wapi, mpaka saa ngapi, hakuna aliyesema.

Kilomita sita zile hazina mti. Jua linapiga toka juu na mawe yanakurudishia toka chini, alafu ukipinda kona upepo unakukuta uso mzima mpaka gurudumu la mbele linayumba. Barabarani kuna majina ya waendeshaji yamepakwa rangi, unayasoma taratibu sana kwasababu huna spidi. Mwalimu alishuka mara mbili akatembea. Mimi nilishuka naye, sikuweza kuwa juu ya baiskeli mzee wangu anatembea.

Kama kilomita moja na nusu kabla ya kilele kuna mnara wa jiwe wa Tom Simpson, Muingereza, alianguka hapo tarehe 13 mwezi wa saba 1967 kwenye Tour de France akafa, joto, uchovu, na madawa ya kusisimua aliyokuwa ametumia. Watu wanaacha chupa za maji na kofia. Mwalimu alisimama akasoma, akaniuliza alikuwa na umri gani, nikasema 29. Akakaa kwenye ngazi. Akasema nimewahi kuzika wanafunzi wa umri huo. Hatukuongea tena mpaka Col des Tempêtes.

Tulifika kileleni saa sita na dakika arobaini. Pale kuna mnara mkubwa mweupe wenye ncha nyekundu, jamaa anauza peremende, watu wa mataifa yote wanapiga picha kwenye kibao. Watu wetu hawakuwepo.

Nitasema ukweli, nilikasirika. Nilikasirika vibaya, na yale maneno mawili niliyoyatoa kwenye maandishi haya niliyasema pale. Ile picha ya kilele iliyopo kwenye kalenda ya klabu, ihesabuni, ni watu tisa.

Jioni ndo nikasikia upande wao. Walifika saa tano na nusu, wamelowa jasho, upepo ule unawapiga, jaketi la ziada lipo kwenye begi langu mimi nipo kilomita nne chini. Dada wa Uholanzi alianza kutetemeka midomo imebadilika rangi. Walisubiri dakika arobaini, arobaini, kwenye baridi ile, kisha kiongozi akaamua washuke kwa upande wa pili, wa Malaucène, ndo maana hatukupishana. Na alifanya sawa. Mimi ningekuwa yeye ningewashusha mapema zaidi. Kosa halikuwa kushuka, kosa lilikuwa kule kwenye vikao vitatu vya jezi. Nguo za joto zote zilibebwa na mtu wa mwisho. Lugha ikabebwa na mtu wa mbele. Na hakuna aliyewahi kutamka namba, dakika kumi, ishirini, ngapi, kwahiyo kila aliyesubiri alijiona amesubiri mno na kila aliyesubiriwa alijiona ametupwa.

Kwenye kushuka nilimfunga Mwalimu kikoi kifuani ndani ya jezi, ndo kazi yake ile, upepo haupiti. Mbelgiji mmoja alituona akaomba kujua kinauzwa wapi.

Ijumaa asubuhi kabla ya kuondoka Sault tulikaa kikao cha dakika kumi juu ya kifungua kinywa na tukakubaliana vitu ambavyo tangu hapo sijasikia ugomvi. Kila mtu anabeba jaketi lake. Kaka wa Bukavu anakaa katikati, na saa tano na nusu popote tulipo anapiga simu hoteli ya mbele kuagiza chakula cha wote. Njia panda tunasubiri mpaka fagio aonekane, ila mahali pa baridi au pa jua kali ni dakika kumi na tano, baada ya hapo mnashuka mpaka penye kivuli mnatuma ujumbe. Na fagio ana mwenza, hakai peke yake.

Siku hiyo mteremko wa kutoka Sault kwenda Saint-Saturnin, dada wetu wa Uholanzi, anaetoka nchi iliyolala kama sahani, alikuwa anashika breki mfululizo mpaka vidole vimekufa ganzi na breki zinanuka. Nilienda naye sambamba nikamuonyesha, achia, achia baiskeli iende, kabla ya kona bana zote mbili kwa nguvu fupi, achia tena, macho kwenye mwisho wa kona sio kwenye gurudumu. Kona ya sita akapiga kelele, "Wallahi inapinda yenyewe!" Akatuacha.

Luberon, eneo la vilima kusini mwa Sault, sitawachosha nayo. Roussillon udongo mwekundu mpaka nyumba nyekundu, nikakumbuka Karatu. Pont Julien, daraja la Warumi lenye miaka zaidi ya elfu mbili, magari yalikuwa yanapita juu yake mpaka 2005, sasa ni la watu wa miguu na sisi. Jumamosi soko la Apt, tukarudisha baiskeli. Bei ya safari nitamwambia mtu mmojammoja nje, mwenye moyo mgumu.

Sasa mwakani wanasema ni tena, na mimi magoti yangu yameniambia hapana kwenye ufagio. Pampu hii hapa mezani. Soksi hii. Kikoi kimefuliwa. Nani anachukua?

(Hapa palikuwa kimya, watu wakaanza kuangalia sahani. Kisha kule kona Mwalimu akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Mwenyekiti akasema hapana Mwalimu, kazi hiyo ni ya kumsubiri mtu wa mwisho. Mwalimu akasimama, akaja mbele taratibu, mwendo wake uleule, akachukua pampu akaijaribu kwa kidole. "Kwani wa mwisho huwa ni nani?")